Kinga ya Matayo

Jumatatu, 29 Julai 1996. Korogwe.

Siku ya hamsini na moja ya ndoa! Nimeamka kabla yake, nikakaa kumtazama. Hata usingizini amekunja ngumi. Mungu alimuumba Matayo wangu siku ambayo hakuwa na haraka.

Kwenye uji akanionyesha karatasi ya masharti. Imetoka Handeni kwa Parsaoti, mwenye kibanda cha video. Huyu Parsaoti aliletewa mkanda kutoka Amerika: wanaume wawili wanafungiwa ndani ya uzio wa waya, ngumi ruksa, teke ruksa, mieleka ruksa. Siku hizi kila kitu ruksa. Akaona na sisi tusipitwe. Siku ya Nane Nane, uwanja wa mpira Handeni, Matayo wangu atapambana na Kisemei, kijana wa wafugaji aliyejifunza karate Dar es Salaam. Mguu wake unasifiwa mpaka Kabuku. Mshindi anapata baiskeli mpya. Matayo anatengeneza baiskeli za mji mzima na yeye mwenyewe anatembea kwa miguu!

Sharti la nne: kila mpiganaji avae kinga ya kinena iliyo ngumu. Asiye nayo hapandi ulingoni. Limewekwa kwa sababu ya kijana wa Kabuku aliyepigwa teke mahali pale mwezi wa tano. Alilala ubavu siku tatu, anaongea kwa sauti nyembamba.

Mahali pale ni pake, lakini baada ya kanisani ni petu! Na mtoto wetu wa kwanza bado hajafika. Nikamwambia kwa furaha kwamba kinga nitaishona mimi. Nimesoma Sayansi Kimu mpaka kidato cha nne. Ushonaji nilipata D, na D ni kufaulu.

Akakohoa. Akasema asante sana mke wangu, lakini kazi hiyo ameshampa Grasiana.

Grasiana! Fundi cherehani wa Manundu, kwenye baraza ya duka la vipuri. Walisoma naye shule ya msingi. Hajaolewa. Ana mwanya.

Nimeosha bakuli moja mara mbili. Sina wivu. Naandika tu ili kumbukumbu ziwepo.

Jumanne, 30 Julai

Alisema anaenda kupimwa saa nne. Saa tatu na nusu nilishafika. Mkabala na Grasiana kuna muuza mitumba anayetundika makoti. Nikaingia katikati ya makoti, nikatulia. Muuzaji akaniuliza mara tatu kama nanunua. Ili anyamaze nikavaa moja. Refu, zito, lina manyoya shingoni. La nchi za theluji.

Nimeona yote. Grasiana akampima kiuno. Juu ya suruali, ndiyo, na mbele ya wateja wawili na muuza kahawa, ndiyo. Lakini baadaye akachuchumaa! Akapitisha futi kutoka mbele kwenda nyuma. Mara mbili! Mara moja ni kazi. Mara mbili ni nini? Matayo anatazama juu kama mtoto anayechomwa sindano. Grasiana akasema kitu, wakacheka wote. Kitu gani?

Nikasogea nisikie. Kamba ya makoti ikakatika. Nimeanguka nayo yote.

Matayo akaja mbio. Ndivyo alivyo, hawezi kuona mtu ameanguka. Akaondoa koti moja, la pili, la tatu, mpaka akakutana na uso wangu. Nikamwambia natafuta koti la kwenda kwa mama yake Bungu, kule milimani kuna baridi. Akasema kweli, kuna baridi. Akaninunulia! Nililia njia nzima kwa mapenzi.

Jioni nimefikiri vizuri. Mwanaume anayemnunulia mkewe koti la manyoya kwenye joto la Korogwe ana jambo moyoni.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimekwenda kwa Grasiana nikajifanya mteja wa blauzi. Ujanja mtupu.

Kinga ilikuwa mezani, karibu imekwisha. Nusu kifuu cha nazi kilichopigwa msasa mpaka kinang'aa. Ndani sponji. Juu kitambaa cheusi. Mikanda ya mpira wa ndani wa tairi, bila shaka imetoka kwa mume wangu. Na mbele yake, katikati, ua jekundu la uzi!

Nikauliza kwa upole ua ni la nini. Akasema kila kazi yake inatoka na ua. Hata joho la padri lina ua, niende nikafunue pindo nione. Nikauliza kwa nini alipima mara mbili. Hakuona hata aibu. Akasema, "Dada, mara ya kwanza mumeo alibana tumbo." Wateja wakacheka. Halafu akaniuliza kama ningeolewa na mwenye kichwa kikubwa ningekuja kugombana na mshona kofia.

Nikacheka na mimi, ili nisijulikane. Ndani nachemka. Nilikaa bweni miaka minne, nimesoma barua za mapenzi za bweni zima. Ua jekundu nalijua maana yake. Na amelitia mahali gani! Mume wangu apigane mbele ya wilaya mbili amevaa barua ya mwanamke mwingine!

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Sponji. Sponji ni laini. Anayempenda mtu kweli anamkinga kwa sponji?

Ijumaa, 2 Agosti

Mama mkwe ameshuka kutoka Bungu na gunia la viazi. Jina lake Mama Bernadina. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akaniinua, akanitazama tumbo kabla ya uso.

Amekuja kwa sababu amesikia habari za mguu wa Kisemei. Ila mama hawezi kumtajia mkwewe mahali pale pa mwanawe, ni mwiko, na mkwe naye hawezi kujibu. Kwa hiyo tumeongea juu ya ghala. Tumechambua mchele saa nzima tukiongea juu ya ghala. Ghala lina mlango imara? Mlango utaletwa, mama. Nani anautengeneza? Fundi wa Manundu, mama. Fundi anaaminika? Nikainamisha kichwa. Akaacha kuchambua.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba amezaa wana watatu, Eliasi hataki kuoa, mwingine alimzika mchanga, amebaki Matayo. Ghala likivunjwa Alhamisi, watapanda nini Bungu?

Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka. Nimejua sasa hii si habari ya wivu. Ni habari ya ukoo. Kinga lazima itoke kwenye mkono unaompenda. Matayo hatajua mpaka ameshinda. Hapo nitamwambia ni mimi, atanibeba juu mbele ya uwanja mzima!

Jumamosi, 3 Agosti

Kifuu nimepata kwa muuza nazi. Kilichobaki ni cha kujazia ndani. Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu: mkonge! Meli nzima inafungwa kwa kamba ya mkonge. Ikiweza kushika meli, itashindwa kumshika Matayo?

Mimi ni mtoto wa karani wa shamba la mkonge. Nimekua nikiuona kwa dirisha la ofisi. Baba hakutaka tuusogelee, alitaka tusome. Nikapanda baiskeli ya mteja wa Matayo, nikaenda mpaka korona, pale mashine inapokamua majani yakatoka singa. Nikamkuta Mzee Afisa, aliyefanya kazi hapo miaka thelathini na kulea nusu ya watoto wa kambi. Shikamoo mzee. Nikaomba singa kidogo, za mto.

Akanionyesha zilizotoka mashineni muda huo. Nyororo! Zina rangi ya kijani kidogo, zinateleza kama nywele za bibi arusi. Lakini akasema hizo bado zina maji yake. Lazima zioshwe, zianikwe, zipigwe brashi, ndipo zikutane na ngozi ya mtu. Itachukua muda gani? Nirudi wiki ijayo, Jumamosi.

Jumamosi! Pambano ni Alhamisi. Nikanusa kitu. Nikauliza kama mtu asiyejali: mzee, unamfahamu Grasiana wa Manundu? Uso wake ukafurahi. Grasiana ni mtoto wa marehemu dada yake!

Kumbe. Mtandao mzima. Mjomba anachelewesha malighafi ili mpwa ashinde. Nikamshukuru sana. Alipogeuka kukohoa nikajaza kikapu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeshona usiku na mchana wakati Matayo yuko mazoezini. Sindano tatu zimevunjika. Kifuu changu kikubwa kuliko cha Grasiana, kinaanzia kitovuni karibu. Bora kuzidi. Nje kitambaa cheusi, mikanda ya mpira wa ndani, na hata ua jekundu nimeiga, japo limetoka kama nyanya iliyokanyagwa. Ndani, mahali atakapojua yeye tu, nimeshona kopa mbili zimeshikana, R na M. Rosina na Matayo!

Mikono inaniwasha tangu juzi. Vidole vimevimba, nimeshindwa hata kuvaa pete yangu ya ndoa. Namshuku Hajira. Jirani yangu huyu aliniazima kipande cha sabuni siku ya Ijumaa bila kuombwa mara mbili. Mtu anayetoa sabuni haraka hivyo ana lengo. Sabuni nimeitupa chooni.

Hata hivyo nilimhitaji kwa jaribio. Tukaifunga kinga kwenye kinu. Nikamwambia Hajira apige kwa mchi. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni mfuniko wa chungu. Akaniangalia, akasema chungu cha nani hicho kina mikanda ya kiunoni? Lakini akapiga. Ana mikono ya muuza maandazi, alipiga kwa moyo wote. Kinu kimepata ufa. Kinga haijapata hata mkwaruzo!

Nimeibusu. Midomo nayo inawasha. Kwa hiyo ni hewa tu.

Jumatano, 7 Agosti

Mungu yuko upande wangu. Matayo ameleta kinga ya Grasiana nyumbani na kuniomba nimpangie mkoba. Kumpangia mume mkoba ni kazi ya mke, hata Grasiana hawezi kuniingilia hapo. Bukta, taulo, bandeji, kinga ya meno, glukosi. Na kinga yangu! Ya Grasiana nimeizika chini kabisa ya gunia la viazi la mama mkwe.

Mama mkwe alinikuta nimeingia kwenye gunia mpaka mabegani. Akauliza kulikoni. Nikasema nachagua viazi vya mwanao, mama, vya chini vina nguvu zaidi. Akasema hakika amepata mkwe.

Kabla ya kulala Matayo akanishika mkono. Akasema anaogopa kidogo. Si kupigwa, anaogopa mguu ule, na anaogopa kuniangusha mimi. Mtu huyu! Nikamwambia alale salama, amekingwa na upendo. Akasema anajua. Nilikaribia kumwambia yote. Nikajizuia.

Mbona vidole vyako vimevimba, akauliza. Nikamwambia, Hajira.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane. Handeni.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mkoba, nje ya zahanati. Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka na lori la mahindi alfajiri, mama mkwe mbele na dereva, sisi nyuma. Sindeni tulipakia mashabiki ishirini na mbuzi mmoja. Nikavaa lile koti ili Matayo aone nalithamini. Nilikuwa kama nimechemshwa.

Uwanja umejaa. Parsaoti amekosa uzio wa Amerika, amezungushia kamba na wavu wa banda la kuku. Saa tisa wapiganaji wakaenda kuvaa nyuma ya turubai. Matayo akatoa kichwa, akaniuliza mbona leo inabana. Nikasema mpira umejikunja kwa baridi ya asubuhi. Akasema pia inanuka shamba. Nikasema leo ni sikukuu ya wakulima.

Mwamuzi, mwalimu wa michezo aliyestaafu, akawakagua mmoja mmoja. Akagonga ya Matayo kwa filimbi, ko ko ko. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema hii ni kinga! Nikamfinya mama mkwe. Mama mkwe akanong'ona, mlango imara.

Raundi ya kwanza, Matayo alikuwa simba. Ngumi mbili, akambeba Kisemei, akamlaza. Uwanja unaimba jina lake. Nikapiga kelele mpaka manyoya ya koti yakaniingia mdomoni.

Raundi ya pili, Kisemei akarusha ule mguu. Alilenga paja, Matayo akageuka, ukatua pale pale. KOO! Mpaka mbuzi wa Sindeni alishtuka. Watu wote wakashika mdomo. Mama mkwe akafumba macho. Matayo... akasimama! Amesimama wima! Kisemei ndiye anayechechemea! Nikaruka juu ya benchi nikapaza sauti kwamba ni mimi, ni mimi! Aliyekaa nyuma yangu akaniomba nikae, ni wewe nini?

Ilitosha pale. Laiti filimbi ingepulizwa pale.

Lakini jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Nilimwona anabana magoti. Anayaachia. Anabana. Akaanza kuruka ruka, kwanza mguu huu, halafu huu. Watu wakashangilia, wakadhani ni mtindo kutoka kwenye mkanda wa Amerika. Kisemei akarusha ngumi nne, hakuna iliyompata, hakuna mtu angeweza kumpata. Alikuwa anacheza kama mtu aliyesimama kwenye siafu. Macho yamemtoka. Kisemei, kijana muungwana, akashusha mikono akamuuliza, vipi ndugu yangu, unaumwa?

Matayo aliruka kamba, akapasua wavu wa kuku, akakata uwanja mbio. Pembeni ya goli kuna birika la saruji la kunyweshea ng'ombe. Akaingia mzima mzima. Akakaa. Maji yakamfika kifuani. Ng'ombe sita waliokuwa wanakunywa wakamtazama, wakaendelea kunywa.

Mwamuzi alimfuata kwa haki kabisa, akasimama kando ya birika akahesabu mpaka kumi. Kwa kila namba alimwomba atoke. Kwa kila namba Matayo alitikisa kichwa.

Baiskeli amepewa Kisemei. Mama mkwe amekaa chini na mitandio miwili kichwani. Amesema neno moja tu. Ghala.

Ijumaa, 9 Agosti. Korogwe.

Ghala ni zima! Mganga wa zahanati ya Handeni alilitazama kwa tochi. Teke halikufika kabisa. Lakini ngozi! Imekuwa nyekundu, imevimba, ina malengelenge. Akauliza mgonjwa anafanya kazi ya kukamua mkonge? Kazi ya baiskeli. Akauliza basi mkonge ulifikaje huko? Nikafunga vifungo vya koti. Akaandika. Akasema hakuna shughuli za ndoa kwa wiki tatu.

Wiki tatu! Siku ya sitini na mbili ya ndoa!

Matayo amerudi amelala chali juu ya magunia, miguu mbalimbali, anatazama mawingu. Nyumbani akaigeuza kinga mkononi, akavuta utambi wa singa, akasema Grasiana ameniua. Amesema akiweza kutembea ataenda kumwambia mbele ya watu wote wa Manundu kwamba si fundi.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nimekaa na jiko mbele yangu nikipepea moto uliokwisha kuwaka. Sikusema. Kunyamaza si uongo. Nimeandika hivyo mara tatu kwenye karatasi nyingine na bado haikai vizuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Hakuweza kutembea, basi alimtuma Hajira na maneno. Hajira akayapeleka yote, akaongeza mengine. Mpaka saa nne wanafunzi wawili walishachukua sare zao kwa Grasiana hazijakwisha, na mama mmoja akataka arudishiwe gauni la arusi, lisije likamwasha.

Saa tano Grasiana akaingia uani, futi shingoni. Shikamoo akampa mama mkwe kwanza. Kisha akaomba kinga. Akaitazama sekunde mbili. Akasema hili si ua, hii ni ajali. Akaigeuza ndani, akasoma kwa sauti: R na M.

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Akainua mkono kutoka kwenye gunia na kitu cheusi, chenye ua jekundu zuri sana, akauliza bakuli hili ni la nani, maana alikuwa akitafuta la kupimia viazi tangu jana.

Nilitaka kukimbia. Hajira alikuwa amesimama mlangoni.

Nikasema yote. Makoti, korona, Mzee Afisa, kinu. Nililia, nikajifuta kwa mikono ikazidi kuwasha. Grasiana akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hataki samahani ya uani, anataka samahani ya barazani. Nikaenda. Nikasimama mbele ya cherehani yake, mbele ya muuza kahawa, muuza mitumba na wateja, nikasema kosa ni langu na kazi yake ni safi. Sauti ilitoka nyembamba kama ya yule wa Kabuku. Yule mama wa gauni la arusi alirudi hapo hapo. Grasiana akaniambia, dada, nenda kamtunze mumeo, mimi ninaye wangu, mpakia mizigo wa Mombo, ana kifua mara mbili ya huyo. Tena Grasiana mwenyewe amenipa ruhusa niende kwake Jumanne nijifunze kushika sindano. Bure!

Nilirudi nikijua nimeachwa. Matayo yuko chali. Nikapiga magoti pembeni, nikauliza kwa nini tangu mwanzo hakuniamini mimi. Akasema ile suruali niliyomshonea arusini, mfuko mmoja uko ndani ya mwingine. Ameivaa. Kitambaa cha meza kimeshonwa pamoja na meza. Anakula hapo hapo. Hajalalamika na hatalalamika mpaka kufa. Lakini kwa jambo lile, mke wangu, niliogopa.

Kisha akaanza kucheka. Akasema lakini kifuu, Rosina! Mguu ule ungeniua na kile kidogo cha sponji. Kifuu chako kiliniokoa. Akacheka mpaka ikamuuma, akaomba nisimchekeshe.

Ananipenda! Nimepata mume ambaye hakuna mwingine Korogwe nzima, Handeni nzima, Tanga nzima! Nimeapa mbele ya mama mkwe, nikiwa nimeshika kiazi, kwamba sitamshuku mtu tena maishani mwangu.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada nimempeleka zahanati ya hapa mjini kubadilishiwa dawa. Amepokelewa na nesi mpya. Anaitwa Sinyati. Kijana. Shingo ndefu. Akaingia na Matayo chumbani, akafunga mlango. Nimehesabu dakika kumi na moja. Ngozi ya mtu inatazamwa dakika kumi na moja?

Wakatoka. Akampa kopo la dawa nyeupe ya kupaka, asubuhi na jioni. Akasema arudi Jumatano "nimwangalie tena." Tena! Amekwisha kuangalia, anataka kuangalia tena! Na akatabasamu. Nesi anatabasamu kwa ajili gani?

Si wivu. Wivu niliuacha jana. Hii ni elimu ya afya, nayo ilikuwa ndani ya Sayansi Kimu. Nimenusa ile dawa. Haina harufu yoyote. Dawa isiyo na harufu inaponya nini? Ni ya kuchelewesha, ili mgonjwa arudi Jumatano, na Jumatano ijayo.

Mchana nikapita sokoni kwa mama mmoja wa Kabuku anayeuza dawa za asili. Amenichanganyia mwenyewe: kafuri, mafuta ya karafuu, tangawizi iliyopondwa na pilipili kichaa saba. Anasema inachoma kidogo mwanzoni, ndivyo mtu anavyojua inafanya kazi. Mpaka Jumatano atakuwa amepona kabisa, nesi abaki na tabasamu lake.

Nimeimwaga ile nyeupe. Hii nimeitia kwenye kopo lile lile, nikafunga vizuri, nikaweka mahali pake juu ya kabati.

Mpenzi wangu ameamka. Ananiita nimpe kopo.